Maisha ya Valery Legasov, Bingwa wa Kemia
Valery Legasov alizaliwa tarehe 1 Septemba 1936 katika mji wa Tula, Urusi. Alisoma kemia mjini Moscow, akafanya kazi kiwandani Siberia, kisha akarudi kwenye utafiti. Alipanda upesi. Mwaka 1983 alikuwa tayari naibu wa kwanza wa mkurugenzi wa Taasisi ya Kurchatov, nyumba kubwa ya elimu ya atomiki nchini mwake. Hata hivyo hakuwa fundi wa vinu vya umeme. Elimu yake ilikuwa ya gesi.

Usiku wa tarehe 26 Aprili 1986, saa 7 na dakika 23, kinu namba 4 cha Chernobyl, katika Ukraine, kililipuka. Siku ile ile Legasov alipelekwa huko pamoja na tume ya serikali. Walikuta kinu kinawaka na sumu ya mionzi inapanda hewani, na karibu yake, mjini Pripyat, watu wapatao 49,000 wakiendelea na shughuli zao. Legasov alikuwa miongoni mwa waliotaka watu wahamishwe, na kesho yake mchana mabasi yaliwachukua. Helikopta zikamwaga juu ya kinu tani kama 5,000 za mchanga, udongo, risasi na boroni. Yeye mwenyewe aliruka juu ya magofu yale mara nyingi, akapata mionzi kupita kiasi.

Sasa wasomaji watauliza, kosa lilikuwa la nani? Wafanyakazi wa zamu walivunja kanuni wakati wa jaribio, hilo ni kweli. Lakini kinu kile kilizuiwa kwa fimbo zinazoshushwa ndani yake, na fimbo zile zilikuwa na sehemu ya grafiti chini. Zikishushwa zote pamoja katika hali fulani, ziliongeza nguvu kwanza. Ni kama dereva akanyage breki na gari lizidi mbio! Jambo hilo lilionekana katika kinu cha Ignalina, Lithuania, mwaka 1983, na kinu cha Leningrad kilikuwa kimepata ajali mwaka 1975. Watu wa zamu wa Chernobyl hawakuelezwa vya kutosha. Sisi wa kando ya Ziwa, tuliofiwa na mamia ya ndugu katika MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, meli ikiwa imepakia kupita kiasi, tunajua bei ya onyo lisilofuatwa.

Agosti 1986 Legasov alisimama Vienna mbele ya mabingwa wa mataifa, akasema kwa saa tano. Walishangaa kwa uwazi wake. Lakini lawama kubwa iliwekwa juu ya wafanyakazi, na ubaya wa fimbo haukuelezwa wazi. Nadhani mzigo huo ulimwelemea. Aliporudi alidai usalama wa vinu utengenezwe upya, na wengi katika Taasisi yake wakampinga. Akaanza kurekodi kumbukumbu zake katika kanda. Tarehe 27 Aprili 1988, akiwa na umri wa miaka 51, alijiua.

Fimbo za vinu vya aina ile zilibadilishwa. Mwaka 1992 mabingwa wa Vienna waliandika upya hukumu yao, wakataja ubovu wa kinu chenyewe. Septemba 1996 serikali ya Urusi ilimpa Legasov, marehemu, nishani ya Shujaa.