Enoch Sontonga: Mwalimu wa Kwaya Aliyeliombea Bara Zima Baraka

Kila ifikapo tarehe 9 Desemba, Watanzania husimama wima wakati Wimbo wa Taifa unapopigwa. Husimama vivyo hivyo wanafunzi katika viwanja vya shule, na wachezaji wa timu ya Taifa kabla ya mchezo kuanza. Sauti ya wimbo huo ina umri mkubwa kuliko Taifa lenyewe. Ilitungwa mwaka 1897, miaka 64 kabla ya Uhuru wa Tanganyika, na mwalimu wa shule ya misheni nchini Afrika Kusini aliyeitwa Enoch Mankayi Sontonga.

Sontonga alizaliwa mnamo mwaka 1873 huko Uitenhage, katika eneo ambalo leo ni Jimbo la Eastern Cape, katika jamii ya Waxhosa. Wakati huo misheni za Kikristo zilikuwa zimekwisha kuota mizizi katika sehemu hiyo ya Afrika Kusini, na kwa kijana Mwafrika aliyetaka elimu, mlango uliokuwa wazi ulikuwa wa shule ya kanisa. Alipata mafunzo ya ualimu katika Chuo cha Lovedale, kilichoanzishwa na wamisionari wa Kiskoti karibu na mji wa Alice. Chuo hicho kilisomesha wengi miongoni mwa walimu, wachungaji na waandishi wa kwanza wa Kiafrika nchini humo.

Baada ya mafunzo alipelekwa kufundisha katika shule ya misheni ya Kimethodisti eneo la Nancefield, karibu na Johannesburg. Mji huo ulikuwa ungali mchanga. Ulianzishwa mwaka 1886 baada ya dhahabu kugunduliwa, na katika muda mfupi maelfu ya wanaume kutoka pande zote za kusini mwa Afrika walikuwa wamemiminika humo kufanya kazi migodini. Waxhosa, Wazulu, Wasotho, Watsonga na wengine walijikuta wakiishi bega kwa bega, mbali na mashamba na koo zao.

Johannesburg ilikuwa ndani ya jamhuri ya Makaburu ya Transvaal. Katiba ya jamhuri hiyo ya mwaka 1858 ilikuwa imetamka bayana kwamba hapatakuwa na usawa kati ya watu weupe na watu weusi, iwe kanisani au serikalini. Mwafrika hakuwa na kura, na alilazimika kutembea na pasi. Kwa hiyo mwalimu Sontonga, pamoja na elimu yake na kazi yake ya heshima, aliishi chini ya sheria iliyomhesabu kuwa mtu wa daraja la chini hata mbele ya madhabahu.

Katika mazingira hayo alifundisha, akaongoza kwaya, akafanya pia kazi ya kupiga picha. Alimwoa Diana Mgqibisa, binti wa mchungaji wa Kanisa la African Methodist Episcopal, na walijaliwa mtoto wa kiume. Nyimbo alizitunga mwenyewe, nyingi zikiwa za kuimbwa na wanafunzi wake, na alikuwa akiziandika kwa mkono katika daftari kwa matumaini kwamba siku moja zingepigwa chapa.

Mmoja wa nyimbo hizo ulikuwa Nkosi Sikelel' iAfrika, maana yake Mungu Ibariki Afrika. Sontonga alitunga sauti, ubeti wa kwanza na kiitikio kwa lugha ya Kixhosa. Mtindo wake ulikuwa wa tenzi za kanisani, wenye sauti nne na mwendo wa taratibu, na ombi lake lilikuwa fupi: Mungu aibariki Afrika, asikie sala za watu wake, na Roho Mtakatifu ashuke.

Upana wa ombi hilo unastahili kutazamwa kwa makini. Mwaka 1897 Afrika ilikuwa imekwisha kugawanywa na mataifa ya Ulaya. Katika nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika, Mtwa Mkwawa alikuwa bado akiwakabili Wajerumani huko Uhehe; alifariki mwaka uliofuata. Watu wengi walijitambua kwa kabila au kwa himaya ya chifu wao. Mwalimu kijana, asiye na cheo wala kura, akaomba kwa niaba ya bara lote kana kwamba ni nyumba moja yenye watoto wengi. Hakuitaja jamhuri aliyoishi ndani yake, wala kabila lake, ingawa aliomba kwa lugha ya kabila hilo.

Wimbo uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1899, katika ibada ya kumweka wakfu Mchungaji Boweni, Mtsonga aliyeingia katika utumishi wa Kanisa la Methodisti. Tukio hilo lilibeba maana yake. Wimbo wa Mxhosa uliimbwa kwa furaha ya Mtsonga, katika mji ambao sheria zake hazikumtambua yeyote kati yao kuwa raia. Ndani ya kuta za kanisa, waumini hao walikuwa na uhuru mdogo waliounyimwa nje, nao walimshukuru Mungu kwa huo mdogo huku wakiomba mkubwa.

Mwaka huo huo vita kati ya Waingereza na Makaburu ilianza, ikadumu hadi mwaka 1902. Waafrika wengi walitumaini kwamba ushindi wa Waingereza ungewaletea haki zaidi. Mkataba wa amani uliotiwa saini Mei 31, 1902 uliahirisha suala la kura ya Waafrika katika majimbo ya Makaburu hadi majimbo hayo yapewe madaraka ya kujitawala, na yalipopewa, kura hiyo haikutolewa.

Sontonga hakuishi kuyaona hayo. Alifariki dunia Johannesburg Aprili 18, 1905, akiwa na umri wa miaka 30 na ushei, akimwacha mjane na mtoto. Alizikwa katika makaburi ya Braamfontein, sehemu iliyotengwa kwa Wakristo Waafrika. Miezi mitatu baadaye, upande huu wa bara, Vita ya Majimaji ililipuka dhidi ya utawala wa Wajerumani. Watunzi wengi huondoka wakijua kazi zao zimefika wapi. Sontonga aliondoka kabla wimbo wake haujapigwa chapa, na daftari lake la nyimbo baadaye likapotea.

Wimbo wenyewe haukupotea, kwa sababu wanakwaya walikuwa wameushika kichwani. Kwaya ya shule ya Ohlange, iliyoanzishwa na Mchungaji John Dube huko Natal, iliuimba katika matamasha yake na kuueneza. Januari 8, 1912, wajumbe walipokutana Bloemfontein kuanzisha chama kilichokuja kuitwa African National Congress, ANC, wimbo huo uliimbwa baada ya sala ya kufunga mkutano. Dube alichaguliwa kuwa rais wa kwanza. Mwaka uliofuata Sheria ya Ardhi iliwaachia Waafrika takriban asilimia 7 tu ya ardhi ya nchi yao. Katibu wa kwanza wa chama, Solomon Plaatje, alikwenda Uingereza kuipinga sheria hiyo, na ni yeye aliyeuimba wimbo wa Sontonga katika santuri mjini London mwaka 1923. Mwaka 1925 ANC iliufanya kuwa wimbo wake rasmi.

Mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi aliongeza beti saba. Beti hizo ziliwaombea baraka viongozi, vijana, akina mama, wachungaji, kilimo na mifugo, zikaomba pia umoja na elimu. Mwenye kuufahamu Wimbo wa Taifa wa Tanzania ataiona njia hiyo hiyo: baraka huombwa kwa viongozi, kisha kwa wanawake, wanaume na watoto.

Tanganyika ilipojitawala Desemba 9, 1961, ilichagua sauti ya Sontonga kuwa wimbo wake kwa maneno ya Kiswahili, na baada ya Muungano wa Aprili 26, 1964 ukawa wimbo wa Jamhuri ya Muungano. Zambia nayo iliichukua sauti hiyo ilipopata uhuru mwaka 1964. Nchini kwa Sontonga mambo yalikuwa kinyume. ANC ilipigwa marufuku mwaka 1960, na wafuasi wake wengi wakakimbilia uhamishoni. Tanzania iliwapokea Dar es Salaam, Kongwa na Morogoro, na huko Mazimbu wakajengewa nafasi ya kuwa na shule yao, iliyopewa jina la Solomon Mahlangu. Mkimbizi wa Afrika Kusini aliyesimama katika sherehe za kitaifa hapa nchini alisikia sauti iliyokuwa ya mapambano kwao ikipigwa kwa heshima zote za dola.

Mei 10, 1994, Nelson Mandela alipoapishwa kuwa Rais, wimbo wa Sontonga ulipigwa Pretoria kama wimbo wa Taifa, sambamba na ule wa zamani. Mwaka 1997 nyimbo hizo mbili ziliunganishwa kuwa mmoja wenye lugha tano.

Hapo ndipo deni lilipoonekana. Taifa lilimwimba mtunzi ambaye kaburi lake halikujulikana lilipo. Msako ulichukua muda mrefu, kwani jina la Sontonga halikuonekana katika kumbukumbu za Braamfontein. Hatimaye ilibainika kwamba aliyeandika daftari la maziko mwaka 1905 alikuwa ameona jina moja linatosha kwa Mwafrika, akaandika Enoch. Mjane wake, Diana, alikuwa amefariki mwaka 1929. Inasimuliwa kwamba aliuza haki za wimbo huo kwa peni sita.

Septemba 24, 1996, Siku ya Urithi nchini Afrika Kusini, kaburi hilo lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya Taifa. Rais Mandela alizindua mnara juu yake, na Sontonga akatunukiwa nishani ya dhahabu ya utumishi uliotukuka, miaka 91 baada ya kifo chake.

Katika mapokeo ya Kikristo ambamo Sontonga alilelewa, shukrani na ombi hukaa katika sala moja: anayeomba hukiri kwamba alicho nacho amepewa, na kwamba waliobaki bila kitu ni ndugu zake. Ndiyo maana wimbo uliozaliwa kanisani haukubaki mali ya Wakristo pekee. Nchini Tanzania, ambako Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa kila mtu kuamini na kuabudu, Mkristo, Mwislamu na mwenye imani nyingine huuimba kwa kinywa kimoja, kila mmoja akimwelekea Mungu kwa namna anavyomjua. Uhuru huo wa kusimama pamoja bila kuulizwa dini wala kabila ndio ambao mwalimu wa Nancefield hakuuonja.

Urithi wa Taifa hudumu pale wenye nao wanapokumbuka ulikotoka. Mtoto wa darasa la kwanza hufundishwa Wimbo wa Taifa mapema na huuimba kwa sauti kuu kila asubuhi. Inafaa afundishwe pia kwamba sauti hiyo ilitungwa na mwalimu kama yule anayesimama mbele yake, aliyeomba mema kwa ajili ya watu ambao hatawaona. Daftari la Braamfontein lilimwandika kwa jina moja. Wanaoimba wimbo wake wakiwa huru wanaweza kumtaja kwa jina lake kamili: Enoch Mankayi Sontonga.