Daktari Williamson na Almasi ya Mwadui

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika nchi hii ya Shinyanga na Geita, ambayo wageni wengi wameijia kwa sababu ya mawe yaliyo chini ya ardhi yake, maneno hayo ndiyo mizani ya kumpimia kila aliyefika. Miongoni mwa wageni hao hakuna aliyepata sifa kubwa kuliko Daktari John Thorburn Williamson, aliyevumbua almasi ya Mwadui. Inafaa vijana wa Ushirombo, ambao kila siku huwaona wenzao wakishika njia ya kwenda kwenye mashimo ya dhahabu, wayajue maisha ya mtu huyo, mema yake na yale yaliyopungua.

Williamson alizaliwa mwaka 1907 huko Montfort, katika jimbo la Quebec nchini Kanada. Alisoma elimu ya miamba katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, na mwaka 1933 akapata shahada ya udaktari. Muda si mrefu akaja Afrika kutafuta kazi. Alifanya kazi katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo siku hizi ni Zambia, kisha akaingia Tanganyika kuitumikia kampuni iliyotafuta almasi huko Mabuki, kusini ya Mwanza.

Almasi chache zilikuwa zimekwisha kuonekana Mabuki kabla yeye hajafika, lakini faida ilikuwa ndogo na wenye mali walichoka. Williamson hakuchoka. Alijua kwamba almasi haioti kama uyoga. Huzaliwa chini sana ardhini, ikapandishwa juu pamoja na mwamba wa namna ya pekee kwa nguvu za volkeno za zama za kale. Basi yakionekana mawe machache yaliyotawanyika, lazima mahali fulani pawepo mwamba mama. Kuutafuta mwamba huo akakufanya kazi ya maisha yake.

Akaacha kuajiriwa akaanza kujitegemea. Miaka ile ilikuwa ya taabu. Fedha zilimwishia, madeni yakamwelemea, na homa haikumwacha. Wakili mmoja wa Mwanza, Iqbal Chand Chopra, ndiye aliyemtegemeza kwa fedha na kwa mambo ya sheria, naye baadaye akawa mshirika wake. Wa pili waliomtegemeza ni vibarua Waafrika, waliochimba vishimo na kuchekecha changarawe juani, siku baada ya siku, bila kujua kama mwisho wa kazi kuna kitu.

Tarehe 6 Machi 1940, kiasi cha maili chache kutoka mji wa Shinyanga, almasi ikaonekana Mwadui. Husimuliwa sana kwamba gari lilikwama karibu na mbuyu, na jiwe likaonekana pale chini yake. Iwe kweli au isiwe, bahati hiyo ilimwangukia mtu aliyekwisha kuitafuta kwa elimu na kwa jasho muda wa miaka. Mwamba mama uliokuwa chini ya changarawe ile ulipopimwa ulionekana kuwa na eneo la hekta 146, nao umehesabiwa kuwa mmoja wa mikubwa kabisa duniani kati ya ile iliyochimbwa kwa faida.

Mahali palipokuwa pori pakawa mji. Zikajengwa nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule na kiwanja cha ndege, na umeme ukawaka. Kwa wakati ule wafanyakazi wengi wa mahali pengine hawakuyapata hayo, na ni haki kumshukuru kwayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alithubutu hata kubishana na wakubwa wa biashara ya almasi ya dunia, akazizuia almasi zake asiwauzie mpaka walipokubaliana.

Lakini mji ule ulikuwa mji wa mwenye mgodi. Ulizungushiwa ua na walinzi, na nyumba, dawa na mshahara vyote vilitoka katika mkono mmoja. Mtu asiye na kibali hakuruhusiwa kuwa na almasi, hata ingawa ardhi ilikuwa ya babu zake. Mwaka 1947 Mwadui ilitoa jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5, uzito wake hata gramu 11 halifiki. Williamson alilitoa zawadi ya arusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Lilikatwa likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 likawekwa katikati ya pambo la ua. Zawadi ilisifiwa katika magazeti ya dunia. Waliolitoa jiwe lile ardhini hakuna anayewataja.

Williamson hakuoa wala hakuacha mtoto. Saratani ya koo ilimpata, na mwezi wa Januari 1958 akafa Mwadui, umri wake miaka 50. Mwaka uleule warithi wake waliuza mgodi kwa kampuni ya De Beers na Serikali ya Tanganyika, kila mmoja nusu. Tangu hapo umiliki umebadilika mara kadhaa, ukiwa mikononi mwa Serikali, kisha mwaka 1994 De Beers wakarudi, na mwaka 2009 wakaingia Petra Diamonds. Mwezi wa Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi lilipasuka, tope likafunika nyumba na mashamba ya wanavijiji jirani. Wenye mali hubadilika. Jirani wa mgodi ni yuleyule.

Basi tumpimeje Daktari Williamson? Alikuwa hodari, mvumilivu, na mwenye moyo kwa watu wake. Lakini wema wa tajiri si haki ya mwananchi. Wema huisha siku tajiri anapokufa au anapouza. Haki iliyoandikwa katika sheria hubaki. Ndiyo maana sheria za mwaka 2017 zilizotamka kwamba utajiri wa ardhi ni mali ya wananchi zinastahili kulindwa, na utekelezaji wake kuulizwa, na wale hasa wanaokaa kando ya migodi.

Na liko funzo la pili, lililo letu zaidi. Williamson hakuja na sururu peke yake. Alikuja na elimu. Kijana wa Ushirombo anayeingia shimoni kwa kubahatisha anafuata nusu ya mfano wake. Tukisomesha watoto wetu elimu ya miamba kama tunavyowafundisha kushika jembe, mvumbuzi wa mwamba mwingine atakuwa mwenyeji, na hapo mwenyeji atapona bila kungoja mgeni.