Nicéphore Niépce na dirisha la Le Gras

Picha ya kale kuliko zote zilizopigwa kwa kamera na kudumu hadi leo haina mtu ndani yake, wala mnyama, wala tukio. Ni mandhari ya uani yaliyoonekana kutoka dirisha la ghorofani, katika nyumba ya shamba iitwayo Le Gras, kijijini Saint-Loup-de-Varennes, mashariki mwa Ufaransa. Aliyeipiga, Joseph Nicéphore Niépce, alifariki dunia mwaka 1833 akiwa ameelemewa na madeni, miaka sita kabla ya ulimwengu kutangaziwa kwamba upigaji picha umevumbuliwa. Tangazo hilo lilipotolewa, jina lililotangulizwa lilikuwa la mtu mwingine.

Niépce alizaliwa tarehe 7 Machi mwaka 1765 mjini Chalon-sur-Saône, katika familia yenye mali. Baba yake alikuwa mwanasheria. Jina la Nicéphore hakupewa alipozaliwa bali alilichagua mwenyewe akiwa kijana. Alisoma na kufundisha kwa watawa, kisha Mapinduzi ya Ufaransa yakapindua mambo yote, naye akajikuta jeshini. Alipelekwa Sardinia na Italia, maradhi yakamrudisha uraiani, akaoa mjini Nice mwaka 1794. Mwaka uliofuata alizaliwa mwanawe Isidore, ambaye tutamkuta tena mwishoni mwa habari hii. Mwaka 1801 alirejea kwenye mali ya familia pamoja na kaka yake, Claude.

Ndugu hao wawili walikuwa na ugonjwa mmoja, ugonjwa wa kuvumbua. Kabla ya Niépce kujulikana kwa picha, yeye na Claude walibuni injini ya mwako wa ndani waliyoiita Pyréolophore. Injini hiyo ilichoma vumbi laini la spora za mmea, na baadaye unga wa makaa ya mawe uliochanganywa na utomvu, ikakisukuma chombo juu ya maji ya mto Saône dhidi ya mkondo. Mwaka 1807 walipewa hataza iliyotiwa saini na Napoleon. Laiti wangeishia hapo, huenda wangekumbukwa kama mababu wa injini. Lakini injini haikuleta fedha, nayo ndiyo baadaye iliyomeza urithi wao.

Safari ya kuelekea kwenye picha ilianzia kwenye uchapaji. Miaka ya 1810 Ufaransa ilikuwa imeshikwa na shauku ya litografia, yaani kuchora juu ya jiwe laini na kuchapa kutokana nalo. Niépce alitaka kushiriki, ila mkono wake haukuwa na kipaji cha kuchora. Inasimuliwa kwamba mwanawe alimchorea hadi naye alipochukuliwa jeshini. Hapo ndipo lilipomjia wazo la kuufanya mwanga wenyewe uchore.

Chombo alichohitaji kilikwishakuwapo kwa karne nyingi. Yeyote aliyewahi kulala mchana katika chumba chenye dirisha la mbao lenye tundu dogo amekiona kikifanya kazi bila kukijua jina: mwanga wa nje hupenya tunduni, na ukutani huonekana vivuli vya wapita njia wakitembea kichwa chini miguu juu. Mwanazuoni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo na kufariki takriban mwaka 1040, aliuchunguza mwanga upitao kwenye tundu la namna hiyo na kueleza tabia yake. Wachoraji wa Ulaya walikuja kukigeuza chumba kuwa sanduku la giza lenye lenzi, wakawa wanaifuatisha taswira kwa kalamu. Taswira ilikuwa kamili, lakini ilikuwa ya kukopa: ukifunga tundu, imetoweka.

Mwaka 1816 Niépce alikaribia sana. Aliweka ndani ya sanduku lake karatasi iliyopakwa kloraidi ya fedha, madini yanayogeuka meusi yakipigwa na jua, akalielekeza kwenye dirisha la chumba chake cha kazi, mbele ya nyumba ya njiwa iliyokuwa uani. Taswira ilitokea. Lakini palipokuwa na mwanga palikuwa peusi, na penye giza palikuwa peupe, na baya zaidi ni kwamba hakuwa na njia ya kuifanya idumu. Akiitoa nje aitazame, mwanga uleule ulioichora ulianza kuifuta. Alimwandikia Claude habari hizo kwa msisimko, maana wakati huo kaka yake alikuwa ameondoka nyumbani kwenda kuitafutia ile injini wanunuzi, kwanza Paris kisha Uingereza. Barua kati ya ndugu hao ndizo zinazotuwezesha leo kuifuata kazi yake hatua kwa hatua.

Wengi wangeendelea kuhangaika na fedha. Niépce aliiacha, akatafuta kitu ambacho mwanga hukigandisha badala ya kukitia weusi, na akakipata katika lami. Kulikuwa na lami ya asili iliyotumiwa na wachongaji wa picha za madini, iliyojulikana kwa jina la lami ya Uyahudi. Ukiiyeyusha katika mafuta ya lavenda na kuipaka utando mwembamba juu ya bamba, ikikauka na kuachwa juani hukaza. Sehemu isiyofikiwa na jua hubaki laini na huoshwa kwa mafuta yaleyale ikatoka. Mwaka 1822 aliitumia njia hiyo kunakili kwenye kioo picha iliyochapwa ya Papa Pius wa Saba. Kioo hicho kilivunjika baadaye. Mwaka 1825 alinakili picha ya zamani ya mtu anayeongoza farasi, nakala ambayo ilinunuliwa mwaka 2002 kwa ajili ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa kwa euro 450,000, kiasi ambacho mwenyewe, aliyehesabu kila faranga, asingeamini. Kazi hiyo aliiita heliografia, maandishi ya jua.

Hizo zilikuwa nakala za picha zilizochorwa na wengine. Kuukamata ulimwengu wenyewe kupitia lenzi kulikuwa jambo jingine, kwa sababu mwanga unaofika ndani ya sanduku ni hafifu mno na lami ni nzito kuitikia. Mwaka 1826 au 1827 alichukua bamba la pyuta, yaani bati lililochanganywa na madini mengine, lenye ukubwa wa takriban sentimita 16 kwa 20, akalipaka lami, akaliweka ndani ya sanduku dirishani, akasubiri.

Alisubiri muda gani? Kwa miaka mingi ilielezwa kuwa ni muda wa takriban saa nane. Watafiti wa karibuni walioirudia njia yake wamefikiri kwamba huenda zilikuwa siku kadhaa. Ushahidi umo katika picha yenyewe: jua linaangaza kuta za upande wa kulia na za upande wa kushoto kwa pamoja, jambo ambalo hakuna jicho linaloweza kuliona, kwa kuwa jua lilikuwa limepita kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine wakati bamba likipokea. Kushoto kuna sehemu ya juu ya nyumba iliyokuwa makazi ya njiwa, katikati paa la ghala lililoinama, nyuma yake jengo la kuokea mikate, kulia ubawa mwingine wa nyumba, na mti mmoja wa peasi ambao kati ya matawi yake panaonekana kipande cha anga. Ikiwa kuku au mtumishi yeyote alipita uani siku hiyo, hakuacha hata alama.

Hapa inafaa kueleza jinsi bamba hilo linavyotazamwa, kwa sababu wengi wameona nakala zake tu. Sehemu zenye mwanga katika picha ni lami iliyokaza, ambayo rangi yake ni ya kijivu chepesi. Sehemu zenye kivuli ni pyuta tupu. Na pyuta iliyosuguliwa hung'aa kama kioo cha kujitazamia. Kwa hiyo bamba likielekezwa kwenye dirisha au taa, vivuli navyo vinang'aa, na picha yote inapotea. Ni lazima kuliinamisha kidogo kidogo hadi madini yaakisi kitu cheusi. Hapo vivuli vinakuwa vivuli, na uwanja wa Le Gras unajitokeza. Picha iliyozaliwa kwa mwanga wa dirisha inahitaji kuepushwa na mwanga ili ionekane.

Mwaka 1827 habari ilifika kwamba Claude ni mgonjwa. Niépce na mkewe walisafiri kwenda Kew, karibu na London, wakamkuta amechanganyikiwa akili, na mali ya familia imeteketea katika mipango isiyo na kichwa wala miguu ya kuuza ile injini. Katika hali hiyo Niépce alijaribu kupata angalau sifa, kama si fedha. Alikuwa amebeba mabamba yake, lile la dirishani likiwa miongoni mwao. Francis Bauer, mchoraji mashuhuri wa mimea aliyeishi hukohuko Kew, aliyaona, akaelewa mara moja thamani yake, na akamsaidia kuandika taarifa kwa Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza. Lakini Niépce alikataa kueleza siri ya njia yake, na kanuni za chama hazikuruhusu kupokea uvumbuzi unaofichwa. Mlango ukafungwa. Ni vigumu kumlaumu: siri hiyo ilikuwa mali pekee iliyombakia. Alimwachia Bauer mabamba hayo, akarejea Ufaransa mapema mwaka 1828. Claude alifariki mwezi Februari mwaka huohuo.

Kile alichowanyima wanasayansi wa London, alimpa Louis Daguerre kwa mkataba. Daguerre alikuwa msanii wa Paris mwenye jumba la maonyesho liitwalo Diorama, ambako watazamaji walikaa gizani wakitazama turubai kubwa zilizobadilika kutoka mchana kuwa usiku kwa kufungua na kufunga madirisha marefu yaliyofichwa. Naye pia alitaka kuizuia taswira ya sanduku la giza. Wawili hao walikuwa wamejuana kupitia mtengenezaji wa lenzi mjini Paris, na tarehe 14 Desemba mwaka 1829 walitia saini ubia wa miaka kumi. Niépce alieleza kila kitu: lami, mafuta, na pia mabamba ya fedha aliyoyafukiza kwa ayodini ili kuyaongezea weusi wa vivuli. Daguerre alileta bidii yake, na jina ambalo Paris nzima ililijua.

Tarehe 5 Julai mwaka 1833 Niépce alifariki ghafla kwa kiharusi, akiwa na umri wa miaka 68. Alizikwa Saint-Loup-de-Varennes. Ufaransa haikusikia lolote.

Haki inataka isemwe pia kwamba Daguerre hakuwa mwizi tu, kama wapenzi wa Niépce wanavyopenda kusimulia. Baada ya kifo cha mbia wake aligundua kwamba bamba la fedha lililofukizwa ayodini, likipigwa na mwanga kwa dakika chache na kisha kupitishwa kwenye mvuke wa zebaki, hutoa picha safi ajabu. Hiyo ilikuwa njia mpya, na ndiyo iliyowezesha watu kupigwa picha. Lakini fedha na ayodini vilikuwa vimetoka mezani pa Niépce. Isidore, aliyerithi ubia wa baba yake pamoja na madeni, alitakiwa kukubali mabadiliko ya mkataba mwaka 1835 na tena mwaka 1837, na katika badiliko la mwisho njia mpya ilibeba jina la Daguerre peke yake. Alitia saini. Mtu mwenye njaa hasomi mkataba kwa jicho lilelile la mtu aliyeshiba.

Mwezi Januari mwaka 1839 uvumbuzi ulitangazwa katika Akademia ya Sayansi, na mwezi Agosti serikali ya Ufaransa iliuweka hadharani utumiwe na yeyote. Daguerre alipewa pensheni ya faranga 6,000 kwa mwaka, Isidore 4,000. Bauer, aliyekuwa mzee huko Kew, alijitokeza hadharani London kukumbusha kwamba mwaka 1827 alikwisha kuona picha za jua mikononi mwa Mfaransa mwingine. Mwaka 1841 Isidore alichapisha kitabu kidogo ambacho anwani yake yenyewe ililalamika kwamba uvumbuzi huo umepewa jina lisilo lake. Wakati huo neno dagereotipu lilikuwa limekwisha kuenea duniani.

Bamba la dirishani lilipita mikono mingi baada ya kifo cha Bauer, likaonyeshwa London mwaka 1898, kisha likapotea machoni pa watu kwa zaidi ya nusu karne. Mwanahistoria Helmut Gernsheim, akishirikiana na mkewe Alison, alilifuatilia hadi akalipata mwaka 1952 ndani ya sanduku la nguo lililokuwa limehifadhiwa London. Alipoomba lipigwe picha, mafundi walisumbuliwa na mng'ao wa madini, na nakala waliyoipata ilikuwa na madoa. Gernsheim aliisahihisha kwa rangi za maji, kwa mkono wake, na nakala hiyo iliyotiwa rangi ndiyo iliyosambaa vitabuni kote kama picha ya kwanza duniani. Mwaka 1963 bamba lenyewe lilihamia Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, Marekani. Liko huko hadi sasa, ndani ya kisanduku kisichopitisha hewa, na anayelitazama kwa mara ya kwanza huona kipande cha bati kinachong'aa, hadi asogee pembeni kidogo.