Muyaka bin Haji: Mshairi aliyeipigania Mvita kwa beti

Kila panapozungumzwa ushairi wa Mombasa, jina la Muyaka bin Haji al-Ghassaniy halikosi kutajwa. Alizaliwa Mvita yapata mwaka 1776 na kufariki karibu na mwaka 1840. Alikuwa mtunzi wa mapenzi, mtegaji mafumbo, mcheshi na, zaidi ya yote, msemaji wa mji wake katika ugomvi na majirani.

Zama hizo Mvita ilitawaliwa na Wamazrui kutoka Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593 na kutekwa na Waomani mwaka 1698. Wamazrui walikuja kama maliwali wa Oman, lakini ukoo wa Busaidi uliposhika madaraka huko katikati ya karne ya 18, walikataa kuutii. Muyaka alisimama upande wao bila kuyumba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1810, majeshi ya Mombasa na washirika wao wa Pate yaliivamia Lamu, yakashindwa vibaya katika ufuo wa Shela. Vita vya maneno vilikuwa vikali vilevile. Lamu ilikuwa na mtunzi wake, Bwana Zahidi Mngumi, kiongozi mwenye ulimi mkali, na beti zilivuka bahari kama vyombo vya biashara. Katika malumbano ya namna hiyo, aliyetupiwa shairi alitarajiwa kulijibu. Kunyamaza kulikuwa sawa na kukubali kushindwa. Wapenzi wa hip-hop waliowasikiliza vijana wa Ukoo Flani, kundi lililochipuka Mombasa, wataona kwamba kushindana kwa vina hakukuanza na kipaza sauti.

Lakini kumfanya Muyaka mshairi wa vita pekee ni kumpunja. Kabla yake, sehemu kubwa ya tungo zilizohifadhiwa kwa maandishi ilikuwa tenzi za dini. Yeye aliukuza ushairi wa beti za mistari minne, kila mstari mizani 16, akautwika mambo ya sokoni na nyumbani: wivu, ufukara, urafiki uliovunjika, mwanamke aliyemtesa moyo, hila za wakubwa. Alitunga kwa Kimvita cha watu wa mitaani, na tungo zake ziliimbika, ndiyo maana zilikaa vifuani mwa watu.

Kuishi kwake vifuani ndiko kulikoziokoa. Mwaka 1828 Seyyid Said alitia askari wake ngomeni kwa mapatano, lakini Wamazrui waliwazingira na kuirudisha ngome mikononi mwao. Mashambulizi yaliyofuata yalishindwa. Kilichowaangusha hatimaye ni mgawanyiko wao wenyewe. Mwaka 1837 Seyyid Said aliitwaa Mombasa, na wakuu wa ukoo huo, akiwemo liwali Rashid bin Salim, walikamatwa kwa hila na kupelekwa uhamishoni Bandar Abbas. Muyaka alikuwa hai kuyashuhudia hayo.

Hakuacha diwani iliyopangwa kwa mkono wake. Karibu nusu karne baadaye, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, alizikusanya beti hizo kutoka kwa wazee waliozikumbuka, akishirikiana na mmishonari Mwingereza W. E. Taylor. Kazi ya Sikujua haijapewa heshima inayostahili, maana bila yeye tungo nyingi zingezikwa pamoja na wazee hao. Maandishi hayo yaliishia London, na mwaka 1940 William Hichens alichapisha diwani ya Muyaka mjini Johannesburg. Mwaka 1979 Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz alitoa jijini Nairobi kitabu kinachozieleza tungo hizo pamoja na mazingira yake.

Hata hivyo, zipo beti ambazo wataalamu bado wanabishana juu ya maana yake. Mafumbo yake yalilenga watu na visa ambavyo kila mtu Mvita alivijua siku ile, na wengi wa waliovijua walikwisha kufa kabla Sikujua hajaanza kuuliza.