Vidonda vya tumbo, jumba kuukuu na Nobel: stori ya Peter Mitchell

Hebu fikiria umetoa wazo, na wasomi karibu wote wa fani yako wanakuona umepotea. Peter Mitchell aliishi hivyo kwa miaka. Alizaliwa 1920 huko Mitcham, Uingereza. Hakuwa wa kung'ara kwenye mitihani, na pale Cambridge tasnifu yake ya kwanza ya uzamifu ilikataliwa. Akaandika nyingine.

Swali lililowasumbua wataalamu lilikuwa hili: seli inatoaje nguvu kwenye chakula? Wengi walisaka kemikali fulani ya kati iliyodhaniwa kubeba nguvu hizo. Wapi! Mitchell alikuwa amezoea kuchunguza jinsi vitu vinavyopenya utando wa bakteria, na 1961 akasema kemikali hiyo haihitajiki kabisa.

Cheki inavyoenda. Bakteria akichoma chakula, vimeng'enya vya kwenye utando wake vinasukuma protoni nje. Zinarundikana huko kama maji nyuma ya bwawa la umeme. Utando hauzipitishi ovyo, kwa hivyo mlango mkuu wa kurudi ni kimeng'enya kingine kilichopachikwa papo hapo. Zikipita humo kwa nguvu, kinaunda ATP, yaani mafuta ya seli. Hata wewe, mitokondria zako zinafanya kazi hiyo saa hii ukisoma.

Mwaka 1963 vidonda vya tumbo vilimtoa Chuo Kikuu cha Edinburgh. Akahamia mashambani Cornwall, akakarabati jumba kuukuu, Glynn House, likawa makao na maabara. (Tusidanganyane, familia ilikuwa na doo. Usiache kazi kesho.) Alifanya majaribio na Jennifer Moyle, mwenzake tangu Cambridge, mama ambaye hatajwi inavyostahili. Vitabu vya kueleza nadharia akajichapishia mwenyewe.

Halafu 1966, Marekani, Andre Jagendorf akachukua kloroplasti za spinachi, akaziloweka kwenye asidi, kisha ghafla akazitia kwenye alkali, gizani kabisa. ATP ikatokea! Hakukuwa na mwanga, ni tofauti ya protoni tu iliyofanya kazi.

Mitchell alipata Nobel ya Kemia 1978, peke yake. Alifariki 1992. Ila kuhusu kile kimeng'enya chenyewe alikosea: alidhani protoni zinaingia moja kwa moja kwenye mmenyuko wa kuunda ATP, kumbe zinakizungusha kama mota. Hiyo ilikuja kuwapa Nobel Paul Boyer na John Walker, 1997.