Dakta Robert Koch na Maandishi Yake

Watoto wazaliwao hapa Songea, kama kwingineko nchini, huchanjwa mapema dhidi ya kifua kikuu. Wazazi waijua chanjo hiyo kwa kovu lake dogo la mkononi. Lakini wachache wamjua mtu ambaye maandishi yake yaliifungulia njia. Huyo ni Dakta Robert Koch, Mjerumani, ambaye alifanya kazi hata katika nchi yetu. Twaona yafaa kuyaeleza maisha yake, mema na mabaya.

Koch alizaliwa Clausthal tarehe 11 Desemba 1843. Alikuwa daktari wa wilaya tu, katika mji mdogo wa Wollstein, alipoanza kuchunguza kimeta, ugonjwa uuao ng'ombe na kondoo. Mwaka 1876 alisafiri mpaka Breslau kumwonyesha Profesa Ferdinand Cohn kazi yake hatua kwa hatua, naye Cohn akaichapa katika jarida lake. Hivyo daktari wa shamba akasikika Ulaya nzima.

Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, aliwasomea wenzake habari za viini vya kifua kikuu. Mpaka leo tarehe hiyo ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Nguvu ya andiko lile ilikuwa uwazi wake. Lilieleza jinsi ya kuvitia viini rangi, kuviotesha na kuvijaribu kwa wanyama, hata mtaalamu ye yote aliweza kuirudia kazi ile na kujionea mwenyewe.

Bali mwaka 1890 aliiacha njia hiyo. Alitangaza kwamba amepata dawa ya kifua kikuu, iitwayo tuberkulini, akaficha jinsi ilivyotengenezwa. Wagonjwa walimiminika Berlin wakitumaini kupona. Wengi hawakupona, na wengine walikufa. Alipofunua siri yake mwaka 1891, kwamba dawa ile ilitokana na viini vyenyewe, sifa yake ilikuwa imekwisha kutiwa doa. Hata hivyo, kitu kilichoshindwa kuponya kilifaa kupima. Ngozi ya mtu aliyeingiwa na viini huvimba akidungwa tuberkulini. Kwa hiyo Clemens von Pirquet mwaka 1907, na Charles Mantoux mwaka 1908, wakatengeneza vipimo vya kuutambua ugonjwa.

Tena, wanafunzi wake walieneza elimu yake. Ni katika taasisi yake kwamba Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato waligundua, mwaka 1890, kuwa maji ya damu ya mnyama aliyekingwa huweza kumkinga mwingine na pepopunda au dondakoo. Hapo elimu ya kinga ya mwili ilipata msingi imara. Behring alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1901, Koch mwenyewe mwaka 1905, na Paul Ehrlich, aliyefanya kazi pamoja nao, mwaka 1908.

Mwaka huo wa 1905, ambao vita ya Majimaji ililipuka, Koch alikuwa katika nchi hii, iliyotawaliwa na Wajerumani. Alichunguza papasi katika vituo vya misafara, akaonyesha kwamba viini vya homa ya papasi hupita hata katika mayai ya mdudu huyo. Kisha, mwaka 1906 na 1907, alikaa katika visiwa vya Sese, Uganda, akitibu malale. Alitumia Atoxyl, dawa yenye sumu, akaongeza kipimo chake. Wagonjwa zaidi ya 20 wakapofuka, wasione tena.

Koch alikufa Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910. Jina lake limo katika vitabu vya waganga wote. Majina ya vipofu wa Sese hatuyasikii yakitajwa.

Hatusemi haya ili kuibomoa heshima ya mtu mkubwa. Twawasemea vijana wetu wanaosomea uganga na uchunguzi. Wingi wa maandishi haumpimi mtaalamu. Kupimwa kwake ni katika mambo mawili: je, wenzake waweza kuisahihisha kazi yake? Na je, mgonjwa aliyemwekea mwili wake mikononi aliambiwa kweli? Koch alipotimiza la kwanza, ulimwengu ulifaidika. Alipoyasahau, maskini ndio waliolipa.