Robert Smalls: Mtumwa aliyegeuka mtetezi wa watu wa Beaufort

JINA la Robert Smalls hutajwa zaidi kwa ajili ya meli ya kivita aliyoitorosha kutoka mikononi mwa waliomtumikisha. Hata hivyo, kwa wakazi wa mji wa Beaufort na visiwa vinavyouzunguka, katika jimbo la South Carolina nchini Marekani, meli hiyo ilikuwa mwanzo tu. Walimkumbuka kama mwakilishi aliyepigania mambo matatu waliyoyahitaji kuliko yote: shule, ardhi na kura.

Smalls alizaliwa Aprili 5, 1839 katika kibanda kilichokuwa nyuma ya nyumba ya tajiri wa mji huo. Mama yake, Lydia Polite, alikuwa mtumwa wa familia ya McKee, na kwa sheria za wakati huo mtoto naye alihesabiwa kuwa mali ya familia hiyo. Tangu mwaka 1834 sheria ya jimbo ilikuwa imeharamisha kuwafundisha watumwa kusoma, hivyo Smalls alikua bila kujua hata herufi moja.

Alipotimu umri wa miaka 12 alipelekwa Charleston kufanya kazi za vibarua, huku sehemu kubwa ya ujira wake ikimwendea bwana wake. Huko bandarini alijifunza kazi ya ubaharia na kuzifahamu njia zote za maji. Mwaka 1856 alimwoa Hannah Jones, ambaye pia alikuwa mtumwa. Bwana wa Hannah alidai dola 800 ili amwachilie mwanamke huyo pamoja na mtoto wao. Miaka ilipita, naye Smalls alikuwa ameweka akiba ya takriban dola 100 pekee.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, Smalls aliwekwa kwenye usukani wa Planter, meli iliyowabebea wanajeshi wa Kusini mizinga na risasi. Usiku wa kuamkia Mei 13, 1862, nahodha na maafisa wake wawili Wazungu waliondoka melini wakaenda kulala mjini. Smalls na wenzake waliing'oa nanga meli hiyo gizani, wakapitia gatini kuwachukua wake na watoto wao, kisha wakaelekea baharini.

Alijivika kofia pana ya nahodha, akasimama jinsi alivyozoea kusimama mkubwa wake, na kila walipopita kwenye ngome alipuliza honi kwa ishara zilizotakiwa. Walinzi wa Fort Sumter waliiruhusu meli ipite. Ilipokuwa imetoka nje ya shabaha ya mizinga yao, bendera ya Kusini iliteremshwa na shuka jeupe likapandishwa. Watu 16 walijikomboa alfajiri hiyo. Smalls alikuwa na umri wa miaka 23.

Serikali ya Kaskazini ilimtunza dola 1,500 zikiwa fungu lake la thamani ya meli hiyo. Agosti mwaka uo huo alikuwa katika ujumbe uliokwenda Washington kuomba watu weusi waruhusiwe kujiunga na jeshi. Mwaka 1864, Planter ilipokuwa ikikarabatiwa mjini Philadelphia, aliitumia nafasi hiyo kujifunza kusoma na kuandika. Mjini humo humo alifukuzwa katika gari la abiria kwa sababu ya rangi yake. Kisa hicho kilizidisha malalamiko ya umma yaliyoishia kwa sheria ya mwaka 1867 iliyopiga marufuku ubaguzi katika magari hayo jimboni Pennsylvania.

Vita vilipomalizika, Smalls alirudi kwao. Wenye mashamba ya pamba walikuwa wamekimbia tangu Novemba 1861, majeshi ya Kaskazini yalipouteka mlango wa Port Royal. Waliacha nyuma yao maelfu ya watumwa ambao sasa walikuwa watu huru. Kwa kuwa wenye mali hawakulipa kodi ya serikali kuu, mashamba na nyumba zao ziliuzwa kwa mnada, na familia nyingi zilizokuwa za watumwa zilijipatia vishamba. Smalls mwenyewe aliinunua ile nyumba ambayo alizaliwa nyuma yake.

Aliyekuwa mwenye nyumba hiyo kabla ya vita, William De Treville, alikwenda mahakamani kuidai. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwishoni mwa miaka ya 1870 Smalls alishinda. Uzito wa hukumu hiyo ulizidi nyumba moja. Iwapo angeshindwa, kila mkulima aliyekuwa amenunua kishamba katika minada ile angekuwa hatarini kufurushwa.

Januari 1868 Smalls aliketi mjini Charleston pamoja na wajumbe wengine wa kongamano la kuiandika upya katiba ya South Carolina. Wajumbe walikuwa 124, na wengi wao walikuwa weusi. Mtu huyo ambaye miaka minne tu nyuma alikuwa akijifunza alfabeti, ndiye aliyewasilisha pendekezo la kuanzishwa kwa shule za umma zisizotoza karo, zilizo wazi kwa watoto wote. Hatimaye katiba iliyopitishwa ililibebesha jimbo wajibu wa kuwa na shule za namna hiyo. Kabla ya hapo elimu ilikuwa haki ya wenye fedha, na hata Wazungu maskini walikuwa wameachwa gizani.

Mwaka huo alichaguliwa kuingia katika Baraza la Wawakilishi la jimbo, na mwaka 1870 akapanda hadi Seneti ya jimbo. Wapiga kura wake walikuwa wakulima wadogo, wavuvi na vibarua wa mashamba ya mpunga, wengi wakizungumza Kigullah, lugha ya watu weusi wa visiwani ambayo Smalls aliikulia. Waliweza kumweleza shida zao bila mkalimani, jambo ambalo wanasiasa waliotoka majimbo ya kaskazini hawakuweza kujivunia.

Mwaka 1874 alichaguliwa kwenda katika Bunge la Marekani, Washington, lakini hakuyapa kisogo matatizo ya nyumbani. Agosti 1876 vibarua wa mashamba ya mpunga kando ya mto Combahee waligoma. Walilalamika kwamba walilipwa kwa hundi ambazo zilipokelewa tu katika maduka ya wenye mashamba, ambako bei zilikuwa juu. Baadhi ya wagomaji waliwachapa wenzao waliokubali kufanya kazi, na Wazungu waliojihami kwa bunduki wakajitokeza.

Gavana alimwomba Smalls aingilie kati. Alikwenda, akasimama katikati ya pande hizo mbili, akawasihi wagomaji watulie na waliotakiwa na sheria wajisalimishe kwa amani. Wanaume kumi walipelekwa Beaufort, ambako waliachiliwa. Damu haikumwagika, na wenye mashamba wakalazimika kukubali kulipa fedha taslimu. Katika mwaka ambao watu weusi waliuawa kikatili katika mji wa Hamburg, jimboni humo humo, matokeo hayo hayakuwa madogo.

Mwaka uliofuata upepo uligeuka. Chama cha Democratic kilitwaa serikali ya South Carolina, na Smalls akashtakiwa kwamba alipokuwa seneta alipokea hongo ya dola 5,000 katika zabuni ya uchapishaji. Shahidi mkuu alikuwa mchapishaji ambaye yeye mwenyewe alihusika katika kashfa hiyo na akaepushwa na mashtaka. Smalls aliyakanusha madai hayo, lakini alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Alikata rufaa, na mwaka 1879 gavana alimsamehe, kama sehemu ya mapatano ambayo pia yalifuta kesi za hila za uchaguzi dhidi ya wanachama wa Democratic. Doa hilo halikufutika kabisa, na wapinzani wake waliendelea kulitumia. Mwaka 1878 alikuwa tayari amepoteza kiti chake.

Watu wa Beaufort hawakumtupa. Walimrudisha Washington, mara moja baada ya kupinga matokeo na kushinda, na akahudumu huko hadi 1887. Lakini kila uchaguzi ulikuwa mgumu kuliko uliotangulia. Sheria ya jimbo ya mwaka 1882 iliagiza kila cheo kiwe na sanduku lake la kura, na karatasi iliyotumbukizwa katika sanduku lisilo lake haikuhesabiwa. Asiyejua kusoma aliweza kupoteza kura yake yote bila kujua. Hapo ndipo ilipodhihirika kwa nini Smalls alikuwa ameikazania shule tangu mwanzo.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 1895, Ben Tillman na wenzake walipoitisha kongamano jingine la katiba. Safari hii, kati ya wajumbe 160, weusi walikuwa sita tu, na watano kati yao, akiwemo Smalls, walitoka Beaufort. Lengo lilikuwa wazi: kumdai mpiga kura kodi ya kichwa, na kumtaka asome kifungu cha katiba au awe na mali ya thamani ya dola 300. Smalls alisimama akawapinga hadharani, akijua fika kwamba hana hesabu ya kutosha ya kura. Katiba ilipokuwa tayari alikataa kuitia sahihi. Husimuliwa kwamba alipotishiwa kunyimwa nauli ya kurudi nyumbani, alijibu kuwa yu radhi kwenda kwa miguu.

Katiba hiyo ilipita, na watu weusi wakaondolewa katika siasa za jimbo kwa zaidi ya nusu karne. South Carolina haikuwa tena na mbunge mweusi mjini Washington kuanzia 1897 hadi 1993.

Smalls alibaki Beaufort akifanya kazi ya ushuru wa forodha bandarini, katika nyumba ile ile. Alifariki Februari 1915, akiwa na umri wa miaka 75, na akazikwa katika kanisa la Tabernacle mjini humo. Mwaka 2017 serikali kuu iliutambua mji wa Beaufort kuwa sehemu ya kumbukumbu ya taifa ya enzi hiyo, na mwaka 2023 manowari moja ya Marekani ilipewa jina lake.

Kura alizozipigania zilichukuliwa angali hai. Ardhi haikuchukuliwa yote. Visiwani humo zingali zipo koo zinazolima mashamba ambayo wahenga wao waliyanunua wakati wa vita, kwa hati ambazo ushindi wa Smalls mahakamani ulizilinda.